Mtoto wetu alizaliwa na arosto ya vidonge vya mgongo, na aliyevileta nyumbani ni mimi

Wakuu, nawasalimu kutoka Gisenyi, huku ambako mtu anakunywa chai nyumbani kwake na chakula cha mchana anakula Goma.

Miaka yote humu nimekuwa msomaji tu, nabonyeza like napita zangu. Leo nimeamua kuandika. Nitakachosema ni kweli tupu. Kama ningetaka kutia chumvi ningejipamba mimi mwenyewe, na mtaona sijajipamba.

Niseme mapema ili mwenye moyo mwepesi asikimbie: mtoto ni mzima. Hivi ninavyoandika yuko mgongoni kwa mama yake, anakoroma. Someni kwa amani.

Kwanza mnijue kidogo.

Nimezaliwa Ngara, Tanzania, wazazi wangu walikuwa wakimbizi huko. Tumerudi Rwanda nikiwa nimeshamaliza darasa la saba. Ndiyo maana Kiswahili changu majirani wanakicheka, wananiita Mutanzania. Wao wanasema "mutu", mimi nasema "mtu", basi naonekana najidai.

Kazi yangu ni fundi baiskeli. Hasa zile kubwa za matairi matatu ambazo ndugu zetu wenye ulemavu wanavushia mizigo. Kibanda changu kipo jirani kabisa na Petite Barrière, ule mpaka mdogo wa kwenda Goma. Asubuhi ukifunguliwa, unaona kichwa juu ya kichwa: nyanya, maziwa, kuku, magunia ya unga, kila mtu mbio.

Mke wangu Vestine naye ni wa mbio hizo hizo. Anavusha karoti na kabichi, anabeba kichwani na mgongoni, mara mbili, mara tatu kwa siku. Mwanamke mwembamba, lakini mzigo wake mimi mwenyewe siwezi kufika nao hata kwenye kona.

Sasa watu wa mpakani wana siri yao moja ambayo si siri. Wabeba mizigo wanameza vidonge. Jina la hospitali ni tramadol, sisi tunasema tu dawa ya mgongo. Vinauzwa kimoja kimoja upande wa pili, unafunga kwenye pindo la kitenge au unaweka kwenye soksi. Unameza na chai, mgongo unanyamaza, unabeba.

Na hakuna anayekuita mlevi. Kwetu mlevi ni yule anayeyumba. Huyu anabeba gunia, kwa hiyo ni mchapakazi.

Mimi simezi. Nilikuwa najiona mjanja.

Tuendelee.

Mimba ya Vestine ilipofika mwezi wa tano, mgongo ukaanza kumsumbua vibaya. Nikamwambia apumzike. Akanijibu kwamba wateja wake Goma hawana mimba, hawatamsubiri. Mnajua wanawake wa biashara, ukibishana nao unajichosha.

Basi mimi mume mwenye huruma nikamfuata Bahati, mbeba mizigo mmoja ambaye namzibia pancha. Akanigawia vidonge vyake, nikavipeleka nyumbani. Aisee, siku hiyo nilijisikia mume bora wa wilaya nzima.

Alianza na nusu. Akalala vizuri, akaamka anaimba. Baada ya wiki ikawa kimoja. Kisha kimoja asubuhi na kimoja mchana. Kisha viwili viwili. Vikiisha mimi ndiye ninayeagiza vingine kwa Bahati.

Kuna wakati mpaka ulifungwa siku mbili na vidonge vikamwishia. Vestine akawa anatoka jasho, anapiga miayo mpaka machozi, makamasi, tumbo linamkata, hasira hata ukimuuliza chumvi iko wapi. Tukasema ni mimba.

Siku hiyo hiyo kibandani kwangu walikuwa wamekaa wanaume wazima wanapiga chafya tano mfululizo, miayo, makamasi, wanagombana kwa sababu ya kiti. Wale nikawacheka. Nilijua kabisa ni arosto, mwili unadai kidonge ulichozoea. Wakuu, mambo hayo mawili niliyaona siku moja kwa macho yangu haya, na akili yangu haikuyaunganisha. Au haikutaka.

Kliniki kila alipokwenda waliuliza anatumia dawa gani. Jibu letu lilikuwa moja: zile mlizompa nyinyi.

Mtoto akazaliwa. Msichana, analia vizuri, kila kidole mahali pake. Kesho yake mchana tukaruhusiwa, tukarudi nyumbani, majirani wakaja na uji na vigelegele.

Jioni hiyo hiyo furaha ikaanza kuingia mchanga.

Mtoto akawa anatetemeka. Si baridi, maana tulikuwa tumemfunika mpaka pua. Mikono inatetemeka, kidevu kinatetemeka. Ukimgusa anashtuka. Ukimpa ziwa analikimbilia kwa pupa, halafu anashindwa kunyonya, analiachia, analia. Na kile kilio, jamani. Chembamba, kikali, hakina kituo. Nimesikia watoto wengi wakilia, sijawahi kusikia kilio kile.

Asubuhi tukakimbilia kituo cha afya, wakatupakia kwenye ambulensi hadi hospitali.

Pale walifanya kazi yao. Walipima sukari, wakapima damu, wakasema huenda ni maambukizi, wakaanza sindano. Waliuliza tena: mama alitumia dawa yoyote wakati wa ujauzito? Vestine akaangalia chini, akasema hapana. Mimi nikaangalia dirishani.

Siku ya kwanza hakuna nafuu. Siku ya pili akaanza kuharisha, uzito unashuka, makalio yakawa mekundu kama yameungua. Yule mtoto alikuwa anaisha, na kila mtu pale chumbani alikuwa anaona.

Hapo ndipo alipoingia mama mkwe.

Mama mkwe wangu anakaa Nyamyumba, ni mwanamke wa shamba, haongei sana, akiongea ameshaamua. Alimwangalia mjukuu wake, akamfungua mdomo kwa kidole, akatoa hukumu: ana ikirimi. Tanzania tunaita kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni. Huku wazee wanaamini mtoto akikataa ziwa na kulia hovyo basi kimeo kimekua, dawa ni kukikata. Na yeye alikuwa anamjua mkataji, jirani yake kabisa, mzee ambaye amekata vya watoto wa kijiji kizima.

Akaniambia, mkwe wangu, wewe ndiye baba, omba karatasi mtoto atoke, kesho jua likichomoza awe amekatwa.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo aibu yangu ilipo.

Mimi siamini mambo ya kimeo. Mama yangu mzazi alikuwa anapiga vita mambo hayo tangu Ngara. Lakini aliposema ikirimi, nilihisi mwili wote umekuwa mwepesi. Kwa sababu kama ni kimeo, basi si vidonge. Na kama si vidonge, si mimi.

Kumbe moyoni nilikuwa najua. Sikuwa nimejiambia tu.

Nikasimama, nikaenda kwa muuguzi, nikasema tunataka kumtoa mtoto.

Muuguzi wa zamu alikuwa Sista Furaha, mama wa makamo aliyekulia Goma, Kiswahili chake ni kile cha huko. Hakunigombeza. Alisema daktari lazima anieleze hatari kwanza, halafu kama bado nataka kuna fomu ya kusaini. Akaenda kumwita.

Nikarudi kitandani kwa mtoto kumsubiri. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limeingia dirishani, kila kitu kinaonekana.

Mtoto akapiga chafya. Moja, mbili, tatu, nne. Halafu akapiga miayo, mdomo wote. Halafu chafya tena. Pua yake ndogo inatiririka.

Nikainua macho, nikamwona Vestine pembeni ya kitanda. Naye anapiga miayo. Jasho limemtoka mpaka kitenge kimelowa, machozi yanamtoka bila kulia. Vidonge alikuwa ameviacha nyumbani, siku ya pili hiyo hajameza.

Wawili wale, mama na mtoto, walikuwa wale wanaume wa kibandani kwangu.

Nikakaa sakafuni.

Mtadhani hapo nilisema. Wapi! Daktari alikuja, kijana mdogo mwenye miwani, akanieleza kwa upole kwamba mtoto akitoka leo anaweza kufa, kwamba wembe kwenye koo la mtoto dhaifu hivi ni damu na maambukizi. Nikasikia kila neno. Na bado nikachukua kalamu.

Nilikuwa nawaza polisi. Vidonge vile bila cheti cha daktari ni kosa, kila mtu mpakani anajua. Nilikuwa nawaza watanifunga, au watamchukua mtoto watupe jina la watu waliomlevya mtoto wao tumboni. Nililiona hilo kubwa kuliko yule aliyekuwa anatetemeka mbele yangu. Mungu anisamehe.

Sista Furaha akaweka mkono wake juu ya fomu. Hakuivuta, aliweka tu.

Akasema, "Papa, mi siko polisi. Huyu mutoto hana kimeo. Iko kitu damu yake ilizoea, na sasa anaikosa. Mama alimezaka nini?"

Nikasema.

Nilisema yote, tangu nusu ya kwanza hadi viwili viwili, na jina la dawa, na kwamba mimi ndiye nilikuwa naleta. Nilisema haraka haraka kama mtu anayetapika. Mama mkwe alikuwa amesimama pale pale, akasikia.

Vestine akaanza kulia, safari hii kulia kweli. Akaniambia kwa Kinyarwanda, "Nilikuwa nimenyamaza ili wasikukamate wewe."

Wakuu, ile sentensi bado haijanitoka. Yeye alikuwa ananificha mimi. Na mimi nilikuwa najificha mimi. Katikati yetu mtoto anakufa.

Mnajua daktari alifanya nini? Alishusha pumzi. Nilitegemea matusi, nikaona bega lake limeshuka kama mtu aliyetua mzigo. Akasema asante, sasa tunajua tunatibu nini.

Polisi hakuja. Alikuja mama mmoja wa ustawi wa jamii, akakaa na sisi, akauliza tunaishi vipi, akatoa ushauri, akaondoka.

Daktari alipiga simu kwa mwenzake mkubwa aliyeko Kigali, wakazungumza kama nusu saa. Kisha akatueleza kwa lugha ya watu. Mtoto alikuwa anakula kile alichokula mama. Siku alipokatwa kitovu ndiyo siku aliyokatiwa dawa. Mtu mzima akikatiwa ghafla anaumwa, sembuse kiumbe cha kilo mbili na nusu. Na Vestine naye asiache kwa mara moja, atapunguziwa kidogo kidogo chini ya usimamizi wao, na aendelee kunyonyesha wakimwangalia mtoto kwa karibu asije akasinzia kupita kiasi.

Matibabu yenyewe yalinishangaza. Mimi nilitegemea mashine. Dawa kubwa kumbe ni utulivu.

Walituhamishia kona ya mwisho ya wodi. Wakafunga pazia, taa wakazima. Hakuna kumshikashika, hakuna kumrusharusha, hakuna simu kulia. Amefungwa vizuri kwenye kitambaa mikono kifuani. Anyonye kidogo kidogo, mara nyingi. Na muda wote anaoweza awe kifuani kwa mzazi, ngozi kwa ngozi.

Kila baada ya saa chache Sista anakuja na karatasi yake: ametetemeka kiasi gani, chafya ngapi, miayo mingapi, amelala muda gani, choo kikoje. Anajumlisha. Siku za mwanzo jumla ilikuwa juu sana, ikabidi apewe matone ya dawa mdomoni, kidogo kabisa, kwa saa maalumu, ili baadaye yapunguzwe taratibu.

Vestine mwenyewe alikuwa mgonjwa, hawezi kumbeba saa zote. Sista akaniangalia. Akaniambia nivue shati.

Nyie! Mimi fundi, kucha zina grisi ya tangu mwaka juzi. Alinipa sabuni na brashi, nikasugua mikono mpaka ikawa ya mtu mwingine. Nikakaa kwenye kiti kifua wazi, nikafungiwa mtoto kwa kitenge cha maua mekundu. Vestine alicheka. Mara ya kwanza tangu ajifungue.

Mtoto akatetemeka, akatetemeka, halafu akatulia. Akalala kifuani kwangu karibu saa nzima. Sikukohoa. Mguu ulikufa ganzi, mbu alikuja akaninywa shingoni akashiba akaondoka zake. Sikutikisika.

Na mama mkwe je? Nilijua atamchukua mwanawe arudi naye Nyamyumba. Jioni ya siku ile niliyosema yote akaniuliza swali moja tu: hicho kinachomtuliza mtoto ni kimya? Nikasema ndiyo, mabukwe, yaani mama mkwe.

Kuanzia kesho yake alijiweka mlangoni mwa wodi. Wageni wenye sauti kubwa waliishia kwake. Kuna siku simu ya daktari ililia karibu na pazia letu, mama mkwe alimwangalia, daktari mwenyewe akaomba radhi na kutoka nje. Kimeo hajakitaja tena.

Siku ya nane, siku ya kumpa mtoto jina, tulifanyia pale pale kwa kunong'ona. Tumemwita Umuhoza, yaani mfariji. Nyumbani watoto wangekula na kupiga kelele za furaha, pale tulikuwa wanne na Sista, tunapiga makofi ya vidole viwili.

Haikuwa mteremko tu, nisiwadanganye. Walipopunguza matone mara ya kwanza, mtetemeko ukarudi, wakarudisha dozi. Vestine akasusa kula, akasema amemuua mwanawe. Mimi nikaenda chooni nikalia. Mwanaume wa miaka thelathini na saba, nimeshika mlango nalia.

Lakini karatasi ya Sista ikaanza kushuka. Kidogo. Kesho yake kidogo tena. Siku moja akanyonya mpaka akashiba, akaachia ziwa mwenyewe, maziwa yanamtoka pembeni ya mdomo, akalala. Tulimwangalia wote watatu kama tunaangalia fainali. Mama mkwe akafanya ishara ya msalaba.

Siku ya kumi na tisa tukatoka. Siku nne nzima kabla ya hapo alikuwa bila tone la dawa. Nilipofika nje ya geti nilivuta hewa mpaka mbavu zikauma. Raha ile siwezi kuielezea, kwa hiyo sielezi.

Vestine bado anaenda hospitali kwa miadi yake. Vidonge ameviacha, ilimchukua muda. Mgongo wamemfundisha mazoezi. Na mzigo habebi tena, nimemtengenezea mkokoteni wa kusukuma, matairi mawili na fremu ya baiskeli kuukuu. Kazi ya siku mbili tu. Fundi mzima, miezi yote ile nilimletea vidonge, sikuwahi kufikiria kumletea gurudumu.

Nilipofungua tena kibanda, niliwasimulia wabeba mizigo wote. Wengine walicheka, wakasema Mutanzania ameokoka. Bahati hakucheka. Aliondoka bila kuaga.

Walipotawanyika, mama mmoja akabaki. Zawadi, mbeba mizigo kutoka Goma, kitenge kimefungwa juu ya tumbo la miezi minane. Alisubiri mpaka tukawa wawili tu.

Akasema, "Papa, na mi niko namezaka. Nifanye je?"

Nilimwambia jambo moja nililofundishwa: usiache leo ghafla kwa uoga, utajiumiza wewe na mtoto, twende wakusaidie. Nikafunga kibanda mchana kweupe, nikampeleka mwenyewe mpaka mbele ya Sista Furaha. Nikamwachia aseme kwa mdomo wake.

Amejifungua wiki iliyopita, mtoto wa kiume. Alitetemeka siku mbili tatu, lakini alikuwa kifuani kwa mama yake tangu saa ya kwanza, pazia limefungwa, karatasi ya Sista iko tayari. Hakuhitaji hata tone moja la dawa.

Yule walikuwa wanamsubiri. Wa kwangu walimpokea bila kujua anaumwa nini, kwa sababu baba yake alikuwa anaangalia dirishani.

Wakuu, fundisho langu ni hilo. Ukiulizwa hospitali mama amemeza nini, jibu. Hata kama ni kitu cha aibu, hata kama ni wewe uliyekileta.

Haya, uwanja ni wenu. Wa kunitukana anitukane, sitajibu. Lakini kama kuna mtu humu ana mjamzito nyumbani anayemeza vitu kimya kimya, huyo aniandikie kwanza, wa matusi wasubiri foleni.